Stetimenti Umeipakua Lakini Kompyuta Haitaki Kuifungua? Anza Hapa

Sacco imekuitisha stetimenti ya miezi sita. Au ni mwezi wa sita, tarehe 30 inakaribia, na unataka kujaza ritani za KRA ukijua pesa iliyoingia dukani mwaka mzima. Au wewe ndiye mweka hazina wa chama na wanachama wanataka hesabu Jumapili hii. Umeomba stetimenti, faili imekuja kwenye barua pepe, umeipakua kwenye kompyuta, umebonyeza mara mbili... na haifunguki. Au inafunguka, lakini unachokiona ni kama chuma chakavu kimemwagwa kwenye skrini.

Kabla ya kitu kingine, tulia. Faili ikikataa kufunguka, pesa yako haijaguswa. Stetimenti ni nakala tu ya rekodi. Rekodi zenyewe ziko kwetu, na unaweza kuomba nakala nyingine wakati wowote. Kwa hivyo hakuna haja ya kumkimbilia mtu usiyemjua akufungulie faili iliyo na jina lako, nambari yako ya simu na kila shilingi uliyotuma.

Mara nyingi tatizo ni dogo na unaweza kulimaliza mwenyewe kwa dakika chache. Twende hatua kwa hatua.

Kwanza, jua ni faili ya aina gani

Kila faili ina mkia, yaani zile herufi chache baada ya nukta mwishoni mwa jina. Mkia ndio unaoiambia kompyuta itumie programu gani. Kwa stetimenti, utakutana na mikia minne:

- .pdf – ukurasa uliopangwa tayari kuchapishwa. Hii ndiyo sacco na benki nyingi huitisha.
- .csv – maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma. Kila mstari ni muamala mmoja. Hii ndiyo nzuri kwa hesabu za duka au chama.
- .txt – maandishi matupu, bila mapambo yoyote.
- .zip – mfuko. Ndani yake kuna faili moja au zaidi zilizofungwa pamoja.

Shida ni kwamba kompyuta nyingi za Windows huficha mkia. Unaona jina "Stetimenti" peke yake na huwezi kujua ni nini. Ili uuone, fungua folda iliyo na faili, bonyeza "View" juu, kisha uweke alama kwenye "File name extensions". Kwenye Windows 11, bonyeza "View", halafu "Show", ndipo utaiona. Fanya hivyo mara moja na uache hivyo. Baadaye tutaeleza kwa nini mkia unaoonekana unaweza kukuokoa na matapeli.

Je, faili imefika yote?

Mtandao ukikatika katikati, faili inaweza kubaki nusu. Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Properties", uangalie ukubwa wake. Ikiwa ni sifuri, faili ni tupu. Hakuna programu itakayoifungua, hata ujaribu mara mia.

Dalili nyingine ni mkia. Ukiona jina linaishia na .crdownload kwenye Chrome, au .part kwenye Firefox, kazi ya kupakua haijakamilika. Usibadilishe jina ukidhani utailazimisha. Ifute, upakue upya ukiwa na mtandao mzuri.

Na ikiwa ni .zip, itoe kwenye mfuko kwanza. Bonyeza kwa kitufe cha kulia, chagua "Extract All", halafu ufungue faili iliyotoka. Watu wengi huifungua ikiwa bado ndani ya mfuko, wanafanya hesabu, kisha wanashangaa kwa nini kazi yao haikuhifadhika.

Kipimo cha Notepad

Hii ni mbinu ambayo hata mafundi hutumia. Kila kompyuta ya Windows ina programu inayoitwa Notepad. Notepad haichagui: ukiipa faili yoyote, itakuonyesha kilichomo vile kilivyo. Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia, chagua "Open with", kisha Notepad. Usibadilishe chochote wala usihifadhi. Angalia tu mstari wa kwanza.

- Ukiona %PDF, hiyo ni PDF, hata kama mkia unasema kitu kingine. Ifungue kwa Chrome, Edge au programu ya kusoma PDF.
- Ukiona PK ikifuatwa na alama zisizoeleweka, huo ni mfuko wa .zip, au ni faili ya kisasa ya Excel. Excel yenyewe hufunga faili zake za .xlsx kwa njia hiyohiyo.
- Ukiona <!DOCTYPE html au <html, hukupakua stetimenti. Ulipakua ukurasa wa tovuti, mara nyingi ule wa kuingilia kwenye akaunti, kwa sababu muda wako ulikuwa umeisha. Ingia upya na upakue tena.
- Ukiona maneno ya kawaida yaliyotenganishwa kwa koma, faili yako ni nzima kabisa. Shida ilikuwa programu tu.

Faili ya .csv iliyo nzima hufanana hivi:

Tarehe,Maelezo,Kilichoingia,Kilichotoka,Salio
03/04/2025,Malipo ya mteja,"1,250.00",,"8,430.00"

Hebu tazama zile alama za kunukuu kwenye 1,250.00. Hazikuwekwa kwa bahati mbaya. Koma ndiyo inayotenganisha safu, kwa hivyo bila alama hizo kompyuta ingeikata 1,250.00 vipande viwili: 1 kwenye safu moja na 250.00 kwenye safu inayofuata. Usizitoe. Na zile koma mbili zilizofuatana zinamaanisha hakuna pesa iliyotoka kwenye muamala huo.

Kitu kimoja kuhusu kompyuta za zamani, ambazo bado ziko kwenye saiba nyingi: Notepad ya kabla ya mwisho wa mwaka 2018 inaweza kuonyesha mistari yote ikiwa imeungana, kama sentensi moja ndefu isiyo na mwisho. Faili haijaharibika. Ni Notepad hiyo tu ambayo haitambui alama ya kumaliza mstari inayotumiwa na mifumo mingine. Ifungue kwa WordPad na mistari itakaa sawa.

Inaitisha nenosiri

PDF ya stetimenti hufungwa ili mtu mwingine akiipata asiweze kuisoma. Faili ya .csv ni maandishi matupu na haiwezi kufungwa yenyewe, ndiyo maana huwekwa ndani ya .zip yenye nenosiri. Ikikataa nenosiri lako, angalia haya:

1. Nenosiri la stetimenti si PIN yako. Usiandike PIN yako ya pesa kwenye kompyuta, kwenye faili wala kwenye tovuti. Tumia msimbo uliotumwa kwa SMS pamoja na stetimenti hiyo.
2. Msimbo wa juzi haufungui faili ya leo. Kama umeomba stetimenti mara tatu, hakikisha unatumia msimbo ulioendana na faili unayoifungua.
3. Nafasi ya ziada. Ukinakili msimbo kutoka kwenye ujumbe, mara nyingi nafasi tupu huja nao mwishoni. Uandike kwa mkono.
4. Kibodi. Angalia kama Caps Lock imewashwa, na kama Num Lock imezimwa. Kibodi yenye Num Lock iliyozimwa haiandiki tarakimu za upande wa kulia.
5. Windows ya zamani na .zip. Kuna aina ya ufungaji wa .zip ambayo Windows za zamani haziwezi kuifungua, hata ukiandika nenosiri sahihi. Programu ya 7-Zip, ambayo ni ya bure, huifungua.

Imefunguka, lakini imevurugika

Hapa ndipo penye hatari zaidi. Faili isiyofunguka inakusumbua, lakini angalau unajua kuna shida. Faili inayofunguka vibaya inaweza kukupa hesabu ya uongo nawe ukaipeleka sacco au mbele ya wanachama bila kujua.

*Kila kitu kimejazana kwenye safu moja.* Excel kwenye kompyuta hiyo inatarajia nukta mkato badala ya koma, kulingana na nchi iliyochaguliwa kwenye mipangilio. Usianze kupanga kwa mkono. Bonyeza safu hiyo, nenda "Data", kisha "Text to Columns", chagua "Delimited", weka alama kwenye "Comma".

*Alama za #####.* Hii isikushtue. Safu ni nyembamba, tarakimu hazitoshei. Ivute ipanuke.

*Herufi za ajabu.* Jina lenye herufi maalum au alama ya kunukuu limegeuka kuwa kitu kama â€™. Faili imeandikwa kwa mfumo wa herufi unaoitwa UTF-8, na programu yako imeisoma kwa mfumo mwingine. Wakati wa kuiingiza, chagua UTF-8.

*Nambari za simu zimebadilika.* Excel ikiona tarakimu tupu hudhani ni hesabu. Nambari inayoanza na 07 hupoteza sifuri ya mbele, kwa sababu kwenye hesabu sifuri ya mbele haina maana. Nambari inayoanza na 254 ina tarakimu 12, na Excel huifupisha ikaonekana kama 2.54712E+11. Ukitazama tu, tarakimu zote bado zipo nyuma ya pazia. Lakini ukihifadhi faili hiyo kama .csv, kinachoandikwa ni kile kifupi. Ukiifungua tena utakuta 254712000000, na wateja wako wote wanaoanza na tarakimu hizo watakuwa na nambari moja. Hapo huwezi kujua nani alilipa na nani hakulipa.

*Tarehe zimegeuzwa.* Hii ndiyo inayoumiza vyama vingi. Sisi Kenya tunaanza na siku, halafu mwezi. 03/04/2025 ni tarehe 3 mwezi wa nne. Kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Marekani husoma mwezi kwanza, kwa hivyo kwake hiyo ni tarehe 4 mwezi wa tatu. Mwanachama aliyelipa mchango wa Aprili mapema anaonekana hajalipa kabisa, na Machi ina pesa ambayo haikuwapo. Watu wanaweza kugombana bure kwa sababu ya mpangilio wa kompyuta.

Kuna njia rahisi ya kulitambua tatizo hili. Tarehe kama 13/04/2025 haiwezi kusomwa Kimarekani, maana hakuna mwezi wa 13. Excel huiacha kama maandishi na kuiegemeza upande wa kushoto wa kisanduku, huku zile ilizozigeuza zikiegemea kulia. Ukiona safu ya tarehe ambayo siku za 1 hadi 12 ziko kulia na zilizobaki ziko kushoto, simama hapo. Usijumlishe chochote.

*Ukijumlisha unapata sifuri.* Angalia kama kiasi kimeandikwa na herufi, mfano "KES 1,250.00". Kwa Excel hayo ni maneno, na maneno hayajumlishwi. Tumia "Find & Replace": tafuta KES na nafasi inayoifuata, uache sehemu ya kubadilishia ikiwa tupu.

Njia salama ya kufungua .csv

Shida nyingi kati ya hizo hutokea kwa sababu tunabonyeza faili mara mbili na kuiachia Excel ijiamulie. Badala yake, iingize faili ukiwa wewe ndiye unayeamua:

- LibreOffice, ambayo ni ya bure, hukuuliza yenyewe kabla ya kufungua. Chagua UTF-8, weka alama kwenye koma, kisha bonyeza kichwa cha safu ya simu na uchague "Text". Safu ya tarehe ipe "Date (DMY)", yaani siku, mwezi, mwaka.
- Excel: fungua ukurasa mtupu, nenda "Data", kisha "From Text/CSV". Chagua faili, bonyeza "Transform Data", halafu ibadilishe safu ya simu iwe "Text" kabla ya kuipakia. Kwa tarehe, hakikisha kompyuta imewekwa Kenya au Uingereza kwenye mipangilio ya eneo.
- Google Sheets: nenda "File", kisha "Import". Kabla ya kumaliza, ondoa alama kwenye sehemu inayosema ibadilishe maandishi kuwa nambari na tarehe. Hii huziacha nambari za simu jinsi zilivyo. Kiasi cha pesa pia kitaingia kama maandishi, kwa hivyo ubadilishe safu hizo za pesa ziwe nambari baadaye.

Na sheria moja isiyovunjwa: usiifanyie kazi faili ya asili. Inakili kwanza, fanya hesabu kwenye nakala, na uihifadhi kama .xlsx. Ile ya asili iache vile tulivyokutumia. Ukikosea, unarudi kwake.

Mwisho, linganisha. Chukua salio la mwisho kwenye jedwali lako, ulilinganishe na salio lililo kwenye PDF au kwenye SMS ya muamala ule wa mwisho. Kisha chagua miamala mitatu hivi, mmoja wa mwanzo wa mwezi, mmoja wa katikati na mmoja wa mwisho, uangalie tarehe na kiasi. Zikilingana, endelea. Zisipolingana hata kwa shilingi moja, rudi nyuma.

Mahali matapeli huingilia

Tapeli anajua watu wanasubiri stetimenti. Anatuma barua pepe yenye faili inayoitwa "Stetimenti.pdf.exe". Windows ikificha mkia, wewe unaona "Stetimenti.pdf" tu, pengine hata na picha ya PDF. Ukiibonyeza, hujafungua karatasi. Umeanzisha programu ndani ya kompyuta yako. Sasa unaona kwa nini tulikuambia uonyeshe mkia.

Shika haya manne:

- Mkia wa mwisho ndio unaohesabika. Ukiona .exe, .js, .bat au .scr, futa.
- Faili ya maandishi haiombi ruhusa ya kubadilisha kompyuta. Ukiulizwa kama unaruhusu programu ifanye mabadiliko, jibu "No".
- Faili ya .csv haina haja ya kukuambia ubonyeze "Enable Content". Ikikuambia hivyo, si .csv.
- Kama hukuomba stetimenti, usiifungue. Ingia kwenye programu yetu mwenyewe uangalie kama kuna ombi lolote.

Jihadhari pia na tovuti zinazoahidi kurekebisha faili au kuondoa nenosiri la PDF bure. Ili zifanye hivyo, lazima uwapakie stetimenti yako nzima. Hujui inaenda wapi wala nani ataisoma.

Ukitumia saiba

Wengi wetu huchapisha stetimenti saiba, na hakuna ubaya. Lakini nakala hubaki kwenye kompyuta ya watu. Ukimaliza, nenda folda ya "Downloads", chagua faili zako, ubonyeze Shift na Delete kwa pamoja ili zisipitie kwenye pipa la takataka. Toka kwenye barua pepe yako. Kama ulimtumia mhudumu faili kwa WhatsApp ili akuchapishie, mwombe aifute ukiwa bado umesimama hapo. Ni haki yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa zako binafsi, na mtu hana ruhusa ya kuzitumia kwa jambo ambalo hukukubali.

Ukikwama bado

Piga simu kwa huduma kwa wateja au utuandikie ukiwa ndani ya programu yetu. Ili tukusaidie haraka, tuambie: mkia wa faili, ukubwa wake, siku uliyoiomba, kipindi ulichokiomba, na maneno kamili ya ujumbe wa kosa uliouona. Ukitupigia picha ya skrini, funika majina na kiasi cha pesa.

Hatutakuuliza PIN. Hatutakuuliza msimbo wa stetimenti. Hatutakuambia usakinishe programu ya kutuwezesha kuiona kompyuta yako. Mtu akikuitisha kimojawapo cha hivyo akisema anatoka kwetu, kata simu, kisha utupigie wewe mwenyewe.